Kuitazama Motokaa Ndogo Kabla ya Kuinunua

Siku ya kufunga muhula uliopita wazazi watatu, mmoja baada ya mwingine, waliniuliza swali moja: mtu ataijuaje motokaa ndogo iliyokwisha tumika kama ni nzima, kabla hajatoa fedha zake? Wanafunzi wa Kidato cha Tatu waliokuwa wamesimama karibu wakasikia, na tangu siku hiyo hawakuniacha. Basi nimeona yafaa niandike habari hizi katika gazeti letu, nikizichukua kama somo la Fizikia. Karibu kila jambo la kutazamwa katika gari kuukuu lina asili yake katika mambo tunayojifunza darasani, yaani joto, mgandamizo, msuguano, sumaku na umeme.

Mimi si fundi. Nasema hivi mapema ili mtu asije akaniletea gari lake shuleni. Lakini hasara nayo hufundisha, na mimi ilinifundisha mwaka 2014. Mwaka huo nilishuka Dar es Salaam na akiba yangu ya miaka sita, nikanunua Toyota Vitz ya mwaka 2001 kwa bwana mmoja ambaye sikumjua wala sikuuliza habari zake. Gari lilikuwa linang'aa. Nililiendesha mjini jioni, kiyoyozi kikileta baridi na redio ikiimba, nikalipa. Kutoka Dar es Salaam mpaka Mombo sikuona shaka yoyote. Hapo Mombo nikaacha barabara kuu, nikaanza kupanda milima kuja Lushoto. Ni safari ya kilomita kama 33 tu, lakini katika mwendo huo mfupi gari lapanda karibu mita 1,000. Kabla sijafika Soni taa nyekundu ikawaka, mvuke ukatoka chini ya boneti, na gari likasimama ukingoni mwa bonde. Watoto waliokuwa wakiuza matunda ndio walionitafutia jiwe la kuzuia tairi. Siku ya pili fundi alipofungua injini aliniuliza, "Mwalimu, thamostati ya gari hili i wapi?" Sikuwa na jibu. Silinda hedi ilikuwa imepindika, na fedha zilizonitoka zilikaribia mishahara yangu miwili.

Kwa hiyo mwaka 2024, mwalimu mwenzetu mmoja aliyestaafu aliponiomba nimsindikize kutazama gari, sikukataa. Mzee huyu alikuwa amepata kiinua mgongo chake. Mkewe ni mgonjwa, na kila mwezi humpasa kupelekwa hospitali Moshi, kushuka mpaka Mombo na kupanda tena jioni. Gari likimharibikia katika kona zile usiku, na mgonjwa ndani, si jambo la mchezo. Wala kiinua mgongo hakilipwi mara mbili. Nikachukua wanafunzi wanne, sumaku moja kutoka maabara, tochi na kitambaa cheupe, tukaenda.

Magari ninayoyasema hapa ni yale madogo yatokayo Japani, hasa Toyota Vitz na Toyota IST, maana ndiyo yaliyojaa barabarani kwetu na ndiyo niyajuayo kidogo. Vitz ilianza kuuzwa Japani mwaka 1999, na huko Ulaya ikaitwa Yaris. IST ikafuata mwaka 2002, nayo ilijengwa juu ya msingi ule ule wa Vitz. Injini zake ni ndogo, za lita 1.0, 1.3 au 1.5, nazo zimelazwa kwa upana, na magurudumu ya mbele ndiyo yavutayo. Taimingi ya injini hizo yaendeshwa kwa cheni, si kwa mkanda. Muuzaji akikuambia kwamba amebadilisha mkanda wa taimingi juzi tu, basi ama hajui asemalo, ama anakudanganya, na yote mawili ni habari yenye faida kwako.

Jambo jingine huwadanganya watu sana hapa Tanzania. Mtu akitaka gari huuliza kwanza, "Ni namba gani?" Namba D ikathaminiwa kuliko namba C, na namba E kuliko D. Herufi ile yaonyesha tu ni wakati gani gari liliandikishwa nchini, wala haionyeshi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2003 laweza kuingia nchini likiwa limekwisha zeeka, likapewa namba mpya. Mwaka wa kutengenezwa usomwe katika kadi ya gari, na namba ya chesisi iliyoandikwa katika kadi ilinganishwe na ile iliyogongwa katika chuma cha gari lenyewe. Zisipolingana herufi kwa herufi, rudi nyumbani.

Sasa natuje kwenye injini. Kanuni yangu ya kwanza ni hii: litazame gari asubuhi, injini ikiwa baridi, tena uwashe wewe, asikuwashie mwenye gari. Injini iliyokwisha pata moto huficha mambo mengi. Vyuma vimekwisha tanuka vikabanana, oili imekwisha panda juu, na moshi wa kwanza, ambao ndio ushahidi mkubwa, umekwisha kwenda na upepo. Tulipofika kwa muuzaji wa kwanza, kijana mwenye adabu sana, alitupokea vizuri. "Shikamoo wazee. Karibuni. Gari hili halina tatizo hata moja, ni kuwasha na kuondoka." Mzee wetu akaitika, "Marahaba, baba," na uso wake ulionyesha amekwisha lipenda lile gari. Ilikuwa Vitz ya mwaka 2003, nyeupe, safi kabisa, bei shilingi 8,500,000. Nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto. Kijana akasema alikuwa amelipeleka kuoshwa. Pengine ni kweli. Tukamwomba tuje kesho saa kumi na mbili na nusu, na asiliwashe mpaka tufike. Hakupenda, lakini alikubali.

Asubuhi ile tulianza na oili. Kijiti cha kupimia oili hutolewa, hufutwa, hurudishwa, kisha hutolewa tena, ndipo kisomwe. Oili nyeusi si kosa kubwa, yaonyesha tu kwamba haijabadilishwa karibuni. Oili nzito mno kama asali katika injini ndogo itilie shaka, kwa maana wako watu watiao oili nzito ili kupunguza kelele na moshi kwa siku mbili tatu za kuuza. Kisha fungua mfuniko wa kutilia oili juu ya injini, upige tochi ndani. Ukiona utando mweusi mgumu kama masizi ya chungu, cheni na vyuma vingine vimekosa oili safi kwa muda mrefu. Ukiona ute mweupe wa kahawia kama chai ya maziwa, maji yanaingia katika oili. Hapa sharti niongeze neno moja. Katika miji ya baridi kama kwetu, gari liendalo safari fupi fupi huweza kuwa na ute kidogo chini ya mfuniko kwa sababu ya unyevu wa hewa tu, hivyo tazama na kijiti pia. Kijiti kikiwa na maziwa, hapo hapana mjadala.

Baada ya oili ni maji, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo mimi nilipoumia, na ndipo magari mengi yanapofia katika milima yetu.

Mnajua kwamba maji huchemka katika nyuzi 100 usawa wa bahari. Hapa Lushoto, kwenye kimo cha mita kama 1,400, hewa ni nyepesi zaidi na maji huchemka kwenye nyuzi kama 95. Injini ya gari nayo hufanya kazi katika joto lililo karibu sana na kiasi hicho. Mbona basi maji yake hayachemki kila siku? Ni kwa sababu ya mfuniko wa rejeta. Mfuniko ule si kizibo tu, una springi na raba ndani yake. Juu yake huandikwa tarakimu kama 0.9 au 1.1, nacho ni kipimo cha mgandamizo ambao springi yaweza kuuzuia kabla haijaachia, takriban sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Maji yaliyobanwa hivyo hayachemki mpaka yafikie karibu nyuzi 120. Ni kanuni ile ile ya sufuria ya kupikia kwa mvuke. Raba ikipasuka au springi ikilegea, gari litakwenda vizuri Tanga mjini na litachemka Soni. Mfuniko mpya ni kitu cha bei ndogo, lakini wako watu waliopoteza injini kwa ajili yake.

Thamostati ni mlango mdogo ulio katika njia ya maji. Injini ikiwa baridi mlango hufungwa, maji yazunguke ndani tu, injini ipate moto upesi. Joto likifika kama nyuzi 82, nta iliyo ndani yake hutanuka ikausukuma mlango, maji yakaenda kwenye rejeta kupozwa. Huko kwetu umezuka mtindo wa kuitoa thamostati na kuitupa kila gari linapopata joto, eti nchi yetu ni ya joto haihitaji kitu hicho. Mimi naona mtindo huu ni ujinga, na naomba fundi atakayesoma haya asinikasirikie. Kwanza, injini hubaki baridi mno katika mteremko na asubuhi, ikala petroli nyingi na kuchakaa upesi. Pili, katika injini nyingi thamostati inapofunguka njia ya kwenda kwenye rejeta huiziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi, na sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita katika rejeta kabisa. Kwa hiyo gari lililotolewa thamostati ili lisichemke, laweza kuchemka zaidi pale linapopandishwa mlima. Lile la kwangu ndivyo lilivyokuwa.

Utaijuaje basi kama ipo? Injini ikiwa bado baridi, fungua mfuniko wa rejeta, kisha washa. (Injini ikiwa ya moto usiufungue kamwe, hata mwenye gari akikusihi. Maji yaliyo katika nyuzi 110 yakiachiliwa hugeuka mvuke mara moja, na uso wa mtu hauna vipuri.) Tazama maji ndani ya rejeta. Yakianza kukimbia tangu dakika ya kwanza, huenda mlango haupo. Kama ipo, maji hutulia, na mpira mkubwa upelekao maji ya moto kwenye rejeta hukaa baridi kwa dakika kadhaa, kisha ghafula huwa wa moto.

Tulipofungua rejeta ya ile Vitz nyeupe, tukaona maji matupu ya rangi ya kutu. Kwa kawaida rejeta ya gari kama hilo hutiwa kulanti, maji ya dawa yenye rangi, aghalabu nyekundu au ya waridi, ambayo huzuia kutu. Maji ya kisima katika rejeta maana yake ni kwamba gari hilo limekuwa likipoteza maji, na mtu amekuwa akiongeza. Tukawasha. Maji yakakimbia mara moja. Baada ya dakika moja hivi, msichana mmoja wa Kidato cha Tatu akasema, "Mwalimu, mbona yanatoa mapovu?" Kweli, mapovu madogo yalikuwa yakipanda moja baada ya jingine bila kukoma. Mapovu ya kwanza si neno, huenda ni hewa iliyonaswa. Lakini mapovu yasiyokoma ni moshi wa ndani ya silinda unaopenya katika njia ya maji kupitia gasketi iliyoungua. Tukarudisha mfuniko, na kabla ya dakika mbili mpira wa juu ulikuwa mgumu kama tairi, hali bado haujapata moto wa kutosha kuleta mgandamizo ule. Silinda hedi za injini hizi ni za alumini, na alumini ikipata joto la kupita kiasi hupindika, gasketi isishike tena.

Yule kijana alishangaa kuliko sisi. Alikuwa amelinunua kwa mtu mwingine miezi mitatu iliyopita na halijatoka nje ya mji. Mzee wetu aliniuliza kwa sauti ndogo kama haiwezekani kulitengeneza. Yawezekana. Lakini gharama ya kutengeneza injini haijulikani mpaka ifunguliwe, na anayenunua ndiye atakayeifungua.

Kabla sijaacha injini, niseme habari ya moshi. Mtu mmoja asimame nyuma ya bomba wakati wa kuwasha, ashike kitambaa cheupe karibu na tundu. Mvuke mweupe mwepesi unaotoweka baada ya dakika chache ni maji ya ukungu wa usiku, na mwezi wa Julai hapa kwetu kila gari huutoa. Moshi mweupe mzito unaoendelea hata injini ikipata moto ni maji ya rejeta yanayoungua. Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa. Moshi wa buluu ni oili. Buluu ukitokea mara tu ya kuwasha kisha ukakoma, mara nyingi ni sili za valvu zimekauka, na gari laweza kuendelea kutumika. Lakini ukitokea kila ukikanyaga mafuta, ringi za pistoni zimechoka. Sikiliza pia upande wa cheni. Kelele ya kukwaruza kwa sekunde moja mbili baada ya kuwasha, oili ikiwa bado haijapanda, hutokea katika injini kuukuu. Ikiendelea zaidi ya hapo, cheni imelegea.

Zitazame taa za dashibodi. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha, taa ya injini, ya oili na ya breki zote sharti ziwake, kisha zizimike injini ikishawaka. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko iwakayo, maana huenda balbu imeng'olewa ili isiseme kweli. Vitz nyingi hazina mshale wa joto. Zina taa ya buluu ya kuonyesha injini ni baridi, na nyekundu ya kuonyesha hatari. Ukiwasha asubuhi, injini ikiwa baridi, na buluu isiwake, uliza kwa nini. Siku hizi mafundi wengi wana mashine ndogo ya kuunganisha chini ya usukani na kusoma makosa yaliyoandikwa katika kumbukumbu ya injini. Mlipe fundi akusomee. Hata hivyo, muuzaji mwerevu aweza kuyafuta makosa hayo usiku wa kuamkia siku ya kuuza, kwa hiyo mashine isomwe tena baada ya kuliendesha gari.

Baada ya siku tano tukatazama gari la pili. Hili lilikuwa IST ya mwaka 2004, rangi imefifia, mlango wa nyuma una bonde, na bei ni shilingi 9,500,000. Mzee wetu hakulipenda hata kidogo. Boneti ilikuwa baridi, kulanti ilikuwa nyekundu, mpira wa rejeta ulikaa baridi kwa dakika saba kisha ukapata moto, na feni ikaanza kuzunguka yenyewe. Bomba lilitoa buluu kidogo wakati wa kuwasha, kisha likawa safi.

Gari lilikuwa la otomatiki, kama mengi yatokayo Japani. Giaboksi ya otomatiki hupimwa injini ikiwa ya moto. Kanyaga breki, weka gia ya mbele, uhesabu. Gari lishike kabla hujamaliza kusema "mia na moja". Fanya hivyo na gia ya kurudi nyuma. Likichelewa kisha likashtuka kama lililopigwa teke, giaboksi imechoka. Katika IST hizi za kwanza kuna kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi. Dondosha tone katika kitambaa cheupe: wekundu ni afya, kahawia ni uzee, na kahawia yenye harufu ya kuungua ni ugonjwa. Baadhi ya Vitz za baadaye zina giaboksi ya aina nyingine, isiyo na gia za hatua bali mkanda wa chuma kati ya puli mbili, nayo yataka mafuta yake maalumu. Giaboksi nyingi za namna hiyo zimeuawa kwa kutiwa mafuta ya otomatiki ya kawaida. Muulize mwenye gari alitia mafuta gani. Akisema, "Yale yale ya kawaida," tafakari.

Tukaenda uwanjani, tukakata usukani mpaka mwisho, kwanza kulia kisha kushoto, tukaendesha polepole kwa mduara. Kwa upande mmoja tulisikia ka-ka-ka-ka kutoka gurudumu la mbele. Hicho ni kiungo cha shafti. Tulipolala chini na tochi tuliona mpira unaokifunika umepasuka, grisi imerukia ndani ya rimu, na mchanga umeingia mahali pa grisi. Msuguano ukafanya kazi yake. Kisha tukabonyeza kila pembe ya gari na kuiachia. Pembe nzima hupanda na kutulia, lakini za mbele zilicheza mara tatu. Shokapu zimekwisha. Mvumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, kama ndege iliyo mbali, huwa ni bearingi ya gurudumu. Hatukuusikia. Breki zilikuwa njema: pedali ikikanyagwa na kushikiliwa kwa nusu dakika haikuzama, na gari halikuvuta upande.

Wanafunzi walifurahia tairi kuliko vyote, maana waligundua kwamba kila tairi lina tarehe yake ya kuzaliwa. Ubavuni tafuta tarakimu nne ndani ya umbo la yai. Tulisoma 1817, yaani juma la 18 la mwaka 2017. Tairi lilikuwa na meno mazuri, lakini raba ya miaka saba imekwisha kukauka, na mistari midogo ya nyufa ilionekana. Tairi likilika upande wa ndani tu, magurudumu hayako sawa, na pengine gari limewahi kugonga.

Ajali iliyofichwa hutafutwa kwa sumaku. Chuma huivuta sumaku, pati iliyozibia bonde haiivuti. Funga sumaku dogo katika kitambaa usikwaruze rangi, ulipitishe juu ya milango na mabawa. (Bampa ni plastiki, msiwe kama yule mvulana wetu aliyetangaza kwa sauti kwamba gari zima ni pati.) Inua mazulia, ushike chini yake. Unyevu, matope makavu na skrubu za viti zilizoota kutu ni dalili ya gari lililozama katika mafuriko, na umeme wake hautatulia milele. Chini ya gari tazama kutu pia, kwa kuwa sehemu za Japani zenye theluji hunyunyiza chumvi barabarani, na chumvi hula chuma.

Imebaki hesabu ya kilomita. Ile Vitz nyeupe ilionyesha kilomita 74,000 ikiwa na umri wa miaka 21. Gawanya: ni kama kilomita 3,500 kwa mwaka, au chini ya 10 kwa siku. Lakini mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika mpaka chuma, na ngozi ya usukani ilikuwa laini kama sabuni. Mguu wa binadamu hauwezi kuula mpira hivyo kwa kilomita 10 kwa siku. IST ilionyesha 187,000, na uchakavu wake wa ndani ulilingana na namba hiyo. Mzee wetu alisema namba kubwa yamtisha. Mimi nilimwambia kwamba namba kubwa ya kweli ni nafuu kuliko ndogo ya uongo. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akamgeukia mwenye gari, wakakaa chini ya mti na karatasi yetu ya hesabu: kiungo cha shafti, shokapu mbili, tairi nne. Wakaafikiana shilingi 8,700,000, na fedha zililipwa baada ya kadi kubadilishwa jina.

Jambo moja hatukuweza kulipima siku ile, nalo ni kiasi cha oili kinachoungua. Hilo halijulikani ila kwa safari. Tulitia oili mpya mpaka alama ya juu, tukaandika kilomita, na baada ya kilomita 1,000 wanafunzi wakaenda kwa Mzee kupima, injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali tambarare. Oili ilikuwa imeshuka nusu ya nafasi iliyo kati ya alama mbili. Si kidogo, wala si ya kuvunja injini. Sasa Mzee ana lita moja ya oili katika buti, hupima kila Jumapili jioni, na kila mwezi hupanda kutoka Mombo na mkewe. Asubuhi ya safari ya kwanza wanafunzi walimkuta akibandika karatasi ndogo juu ya dashibodi, ameandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: "Taa nyekundu ikiwaka, simama hapo hapo."